Skana, mkono au kamera: msafiri wa Tanga ajipange vipi kabla ya kufika ukaguzini

Barazani Ngamiani, mtu akitangaza kwamba mwezi ujao anakwenda Muscat kwa dada yake, au Umra na mama yake, haichukui muda mashine inatajwa. Mmoja atasema ile kabini ya kuinua mikono inakuonyesha uchi wa mnyama. Wa pili atasema afadhali mashine kuliko mikono ya mtu baki. Wa tatu, aliyewahi kusafiri, atawaambia wote wawili hawajui kitu, kisha naye atasimulia yaliyompata binamu wa jirani yake. Kahawa inaisha, msafiri anaondoka na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo.

Uwanja wetu wa Tanga ni wa ndege ndogo. Safari ndefu tunaanzia Dar es Salaam, KIA au Unguja, na wapo wanaovuka Horohoro wakapandie Mombasa. Baada ya hapo unabadilisha ndege Dubai, Doha, Addis Ababa au Amsterdam, na huko ndiko utaulizwa jambo ghafla, kwa lugha ya wenyewe, huku foleni ndefu ikikusukuma mgongoni. Heri uwe umeshaamua ukiwa nyumbani.

Machaguo yako ni jozi mbili. Kwenye ukaguzi wa usalama kuna skana ya mwili au kusachiwa kwa mkono. Kwenye pasipoti kuna kamera ya uso, mara nyingi pamoja na kisoma vidole, au ofisa aliyekaa dirishani. Watu hubishana sana kuhusu jozi ya kwanza na hawaitaji kabisa ya pili. Mimi naona hasara kubwa iko kwenye ya pili.

Vigezo

Nitapima kila njia kwa mambo matano: nani anaona au kugusa nini; nini kinabaki ukishaondoka; muda; hali ya mwili wako; na kama unaruhusiwa kukataa. La kwanza linahusu stara, na sisi watu wa pwani tunalielewa bila kufundishwa. La pili linahusu taarifa zako, nalo ndilo husahaulika.

Lango la chuma silihesabu kama chaguo, kwa sababu karibu kila mtu hupita hapo. Halina picha wala kumbukumbu ya mtu, linalia tu likihisi chuma. Hirizi yenye kipande cha shaba italia pia, na utatakiwa kuieleza kwa ofisa ambaye hajawahi kusikia kitu kama hicho. Iweke kwenye begi.

Ukitaka kujua usumbufu huu umetoka wapi, kila mmoja una tarehe yake. Desemba 2001 mtu alijaribu kulipua kiatu chake ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami. Viatu vikaanza kuvuliwa, na Marekani ilikuja kuliondoa sharti hilo Julai 2025. Agosti 2006 Uingereza iligundua njama ya vilipuzi vya majimaji, ndiyo asili ya kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa ya majimaji. Siku ya Krismasi 2009, kijana aliyeanzia Lagos na kupitia Amsterdam kwenda Detroit alificha baruti ndani ya chupi. Baruti haina chuma, kwa hiyo lango la chuma halina la kusema. Skana za mwili zilikuwepo tayari, lakini baada ya siku hiyo zilisambazwa kwa kasi.

Skana ya mwili

*Kinachoonekana.* Hofu ya barazani si uzushi. Skana za mwanzo zilichora mwili kweli, na ofisa aliketi chumba cha pembeni akitazama umbo lako. Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitoa fatwa kwamba skana zile zinapingana na stara, likawashauri Waislamu waombe kusachiwa kwa mkono. Mwaka huohuo ilibainika kwamba skana ya mahakama moja mjini Orlando, Florida, ilikuwa imehifadhi picha zaidi ya 35,000, wakati umma ulikuwa ukihakikishiwa kwamba mashine za aina hiyo hazihifadhi kitu. Ile ilikuwa mahakama, si uwanja wa ndege, lakini watu walipata sababu ya kutoamini.

Kisha mambo yakabadilika. Bunge la Marekani liliagiza programu itakayoficha umbo la mtu. Badala ya mwili wako, kioo kinaonyesha kikatuni kimoja kinachofanana kwa watu wote, na kisanduku cha rangi mahali penye shaka. Aina ya skana iliyotumia eksirei ilishindwa kuwekewa programu hiyo kwa wakati, ikaondolewa kwenye viwanja vya Marekani mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaamua mwaka 2011 kuruhusu tu skana zisizotumia eksirei. Zilizobaki, zenye kukuzungushia mkono wa mashine ukiwa umeinua mikono, hutumia mawimbi ya milimita. Kwa hiyo anayekwambia utaonekana uchi anasema ukweli wa mwaka 2010.

Tatizo limehamia pengine. Mashine ikiweka kisanduku, mkono unakuja palepale ilipoweka. Na inaweka kwa sababu ambazo hazina hatia: nywele nene au rasta, kilemba, mikunjo ya nguo pana, jasho, bandeji, pedi, mtandio wenye nakshi za nyuzi za dhahabu. Mama aliyevaa buibui juu ya gauni na mtandio juu ya nywele za kusuka ana nafasi kubwa ya kuwekewa kisanduku kuliko kijana wa Ulaya mwenye fulana. Hakuna aliyekusudia kumwonea, lakini usumbufu unamwangukia yeye.

*Kinachobaki.* Kwenye viwanja vinavyotumia programu ya kikatuni, mchoro unafutwa ukishatoka. Unalipokea hilo kwa imani, maana huwezi kukagua mwenyewe.

*Muda.* Sekunde chache, kama hakuna kisanduku.

*Mwili.* Mawimbi ya milimita si mionzi kama ya eksirei, kwa hiyo mjamzito hana sababu ya kuogopa kwa upande huo. Aliyewekewa vyuma mguuni baada ya ajali ya bodaboda huteseka kwenye lango la chuma, kwani linalia kila safari. Skana inamfaa zaidi kwa sababu inatazama kilicho juu ya ngozi. Ila lazima uweze kusimama wima na kuinua mikono. Mzee mwenye bega bovu, au aliye kwenye kiti cha magurudumu, hawezi.

*Kukataa.* Inategemea nchi. Ulaya unaweza kukataa skana na kukaguliwa kwa njia nyingine. Uingereza ilianza kuruhusu hilo mwaka 2013. Kabla ya hapo aliyekataa hakusafiri. Marekani kwa kawaida unaruhusiwa, ila tangu mwisho wa 2015 wapo abiria wanaolazimishwa. Australia ukichaguliwa na ukakataa bila sababu ya kiafya, hutasafiri. Kokote kwingine, uliza kabla hujaingia kwenye kabini, kwa sababu ukishaingia ukaanza kubisha utaonekana una jambo.

Kusachiwa kwa mkono

*Kinachoguswa.* Mwili wote, juu ya nguo: mabega, mgongo, kiuno, mapaja, karibu na kifua. Desturi ya viwanja vingi ni mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume. Marekani unaweza kuomba chumba cha faragha na kuingia na mtu wako awe shahidi. Uingereza, ukikataa skana, upekuzi wa faragha unaweza kufika hadi kulegeza nguo, basi jua hilo kabla ya kuukimbilia. India, wanakokwenda wagonjwa wetu wengi, mkono ndio kawaida: unapita lango la chuma, halafu ofisa anakupitishia kifaa cha mkononi, na wanawake hukaguliwa na wanawake nyuma ya pazia. Kina mama wanaorudi kutoka matibabu huko hawalalamiki sana kuhusu sehemu hiyo, na nadhani pazia ndilo sababu. Aibu ya kuguswa hupungua sana pasipokuwa na watazamaji.

Kuna tofauti kubwa kati ya mkono na mkono. Ofisa mwenye adabu hukueleza kabla hajagusa: sasa mgongo, sasa mguu. Asiye nayo hukugeuza kama gunia. Mashine haina siku mbaya, binadamu anayo, na huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii.

Baada ya hapo wanaweza kukupangusa viganja kwa kitambaa na kukiingiza kwenye kipimo cha chembe za baruti. Kipimo hicho hudanganywa na vitu vya kawaida, mbolea ya shambani na losheni zenye gliserini vikiwemo. Asubuhi ya safari acha losheni, jipake mafuta ya nazi.

*Kinachobaki.* Kwenye kompyuta, hakuna picha wala kipimo cha mwili wako. Ukibaki na uchungu, ni wako peke yako.

*Muda.* Dakika kadhaa, na zaidi ikiwa ofisa wa kike hayupo karibu. Mwenye dakika arobaini za kubadilisha ndege asilisahau hili.

*Mwili.* Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mashine ya insulini, au mfuko wa haja baada ya upasuaji, njia hii ndiyo salama kuomba. Kuwa na barua ya daktari, na useme kabla hujaguswa. Kwa mwenye kidonda kibichi au maumivu ya mifupa, mkono ni mateso, na skana inaweza kumfaa zaidi.

*Kukataa.* Ukikataa skana na mkono pia, hupandi ndege. Hilo halina nchi.

Kamera ya uso na kisoma vidole

Hapa hakuna anayekugusa wala kukuvua, ndiyo maana barazani hapasemwi kitu. Sisi tumeshazoea. Vidole tumeacha NIDA, tukaviacha tena kwenye laini za simu, na Januari 2020 zisizosajiliwa kwa vidole zilianza kuzimwa. Pasipoti zetu za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 2018, zina chipu yenye picha ya uso. Mtu akiambiwa tazama hapa, anatazama.

*Kinachoonekana.* Uso, na vidole. Ila uliza kamera inalinganisha na nini. Kuna lango linalolinganisha uso wako na picha iliyo kwenye chipu ya pasipoti yako: je, aliyeshika hati ndiye mwenyewe? Hiyo haina tofauti kubwa na kazi ya ofisa. Na kuna mfumo unaotafuta uso wako katikati ya nyuso nyingi zilizohifadhiwa. Huo unaweza kukutambua hata hujatoa hati. Dubai mwaka 2018 ilizindua njia ambayo abiria aliyesajiliwa hupita akitembea tu, pasipoti mfukoni. Ni raha kweli, na ni lazima uso wake uwe umehifadhiwa mahali ili raha hiyo iwepo.

*Kinachobaki.* Hapa naomba usome polepole. Mfumo mpya wa mipaka wa Ulaya ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025 huhifadhi uso na rekodi ya kuingia na kutoka kwa miaka 3, na huongezeka ukizidisha siku za kukaa. Mtanzania mwenye viza ya Schengen hachukuliwi vidole upya ili vihifadhiwe kwenye mfumo huo, kwa sababu viliingizwa kwenye mfumo wa viza tangu alipoomba. Marekani, picha ya raia wao iliyopigwa mpakani hufutwa ndani ya saa 12. Ya mgeni inaweza kuhifadhiwa hadi miaka 75. Kijana wa Makorora anayekwenda kusoma huko akiwa na miaka 20 ataacha uso wake mle mpaka awe babu wa miaka 95, au awe amekwisha kuzikwa.

Na kilichohifadhiwa huibwa. Mwaka 2019 picha za wasafiri na za vibao vya magari waliovuka mpaka wa Marekani ziliibwa kutoka kwa mkandarasi wa idara ya forodha na mipaka. Kadi ya benki ikiibwa unapewa nyingine. Uso utaendelea nao huohuo.

*Muda.* Hakuna njia ya haraka kuliko hii inapofanya kazi.

*Mwili.* Inapogoma, humgomea fulani zaidi ya fulani. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu nyingi za uso. Nyingi zilikosea zaidi kwa nyuso za Waafrika na Waasia, kati ya mara 10 na 100 kutegemea programu, ingawa zilizo bora hazikuonyesha tofauti kubwa hivyo. Vidole navyo: aliyekata mkonge miaka mingi, fundi wa mawe, mama mzee aliyekuna nazi maisha yake yote, michirizi ya vidole imefutika. Hina na piko mbichi za harusini zinaweza pia kuisumbua mashine. Mwanamke mwenye nikabu atalazimika kuifungua mbele ya kamera.

*Kukataa.* Kwenye mpaka wa nchi ya watu, karibu haiwezekani. Tangu Desemba 2025 kanuni ya Marekani inaruhusu kuwapiga picha wageni wote wanaoingia na kutoka. Lakini kwenye ukaguzi wa usalama wa safari za ndani kule Marekani, kamera ya uso ni hiari, na unaweza kusema unataka ofisa atazame hati kwa macho. Wengi hupita bila kujua kwamba waliulizwa. Nyumbani tuna Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Ni silaha nzuri dhidi ya kampuni ya hapa inayocheza na taarifa zako, ila haina nguvu ya kufuta uso wako kwenye kompyuta ya Washington.

Ofisa dirishani

*Kinachoonekana.* Uso wako na maisha yako. Ofisa huuliza unakwenda kwa nani, una pesa kiasi gani, kwa nini hujaolewa. Kuna watu wangetoa vidole kumi kuliko kujibu maswali hayo mbele ya foleni. *Kinachobaki* ni muhuri na alichoandika kwenye kompyuta, ingawa madirisha mengi sasa yana kamera ndogo juu ya meza, kwa hiyo usidhani umeikwepa. *Muda* ni mrefu. *Mwili*: kwa vidole vilivyofutika, jina lililoandikwa tofauti kwenye pasipoti na viza, au nikabu, binadamu anaelewa maelezo. Mwenye nikabu aombe ofisa wa kike na mahali pa pembeni. Sehemu nyingi husikilizwa, si zote. *Kukataa* kujibu kunaruhusiwa, na kurudishwa kwenu pia kunaruhusiwa.

Simu yako ni jambo jingine ambalo halina chaguo. Marekani na Uingereza maofisa wa mpakani wana uwezo wa kisheria wa kuikagua, na mgeni anayekataa anaweza kuzuiwa kuingia. Picha za harusi ambazo hutaki zionwe na mtu baki, ziache nyumbani.

Kwa hali yako

Unamsindikiza mama mzee Umra au kwa ndugu Uarabuni: kinachomuumiza zaidi ni stara, basi omba mkono wa mwanamke kwenye faragha, na ingia naye ikiruhusiwa. Kama mgongo au mifupa inamsumbua na anaweza kusimama, mweleze mapema kwamba skana haimwoni uchi, halafu mwachie aamue. Mvike nguo isiyo na nakshi za kung'aa siku hiyo.

Wewe ni mfanyabiashara wa Dubai au China, unapita mara kwa mara na begi dogo: skana na lango la uso vitakuokolea muda. Jua tu kwamba umebadilishana muda na rekodi, na ukishakubali hesabu hiyo huna haja ya kuogopa kila kamera.

Una vyuma mwilini: skana. Una kifaa cha moyo: mkono, na barua ya daktari juu ya pasipoti. Mjamzito: chochote kinachokupa utulivu.

Unavaa nikabu: kwenye usalama omba mwanamke na chumba, kwenye pasipoti nenda dirishani hata kama foleni ya kamera ni fupi.

Mwanafunzi anayekwenda Marekani, ambaye jambo la taarifa linamkera: mpakani hutashinda, usipoteze nguvu huko. Itumie haki yako kwenye safari za ndani, ambako kamera ni hiari. Skana unaweza kupita bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu haibaki na uso wako.

Baharia au mkulima ambaye vidole vimeisha: mwambie ofisa kabla hujaweka mkono kwenye kioo. Majuma kadhaa kabla ya miadi ya viza vipake mafuta kila usiku, na hina usitie kabisa. Kama NIDA au duka la laini walishawahi kukurudisha kwa sababu ya vidole, ongeza saa moja kwenye muda wa kubadilisha ndege unapokata tiketi.